Joto Hili Si Lako, Baba Mutale

Baba Mutale,

Amani ya Bwana iwe nawe huko uliko. Watoto wanakula, wanalala. Mimi ndiye siko sawa. Ni kama mutu amewasha moto chini ya ngozi yangu. Nikikausha samaki juu ya moshi, jasho linaingia mpaka kwa macho, moyo unakimbia, mikono inatetemeka. Wanawake wa hapa Kabuta wanacheka: "Mama Mutale, acha kuni! Tuweke samaki kwa mugongo wako!" Ninacheka nao. Halafu ninaenda kusimama ndani ya ziwa mpaka kwa magoti, na hata ziwa halinipozi.

Bon, kucheka si neno. Neno ni mama yako. Anasema joto hili ni lako weye, kifo chako kingali mwilini mwangu kwa sababu sijatakaswa kwa desturi yenu. Nikipika, hali chakula changu. Jumamosi ukoo unakuja, wanataka nilale na ndugu yako mudogo ili kifo kinitoke. Yeye mwenyewe ananiona, anaangalia chini, masikini. Nilikataa kwa jina la Yesu. Mama akasema: "Basi utaungua, muke wa mutoto wangu."

Kwa kliniki, mama munganga alinipapasa shingo, akaniambia nimeze mate huku anatazama. Akasema inaweza kuwa kitezi cha shingoni kinatoa homoni kupita kiasi. Ao ni umri wangu tu, homoni za uzazi zinapungua. Bila kupima damu kwa hospitali ya Mansa, hawezi kujua. Nilimwambia mama yako. Akaniuliza: "Damu itamujua mutoto wangu?"

Weye unajua. Joto lilianza ungali hai! Ulikuwa unanipepea na kifuniko cha sufuria, unasema, "Mama Mutale, utaniivisha." Shahidi wangu ni mumoja, na nilimuzika. Ninaomba, ninalia, hakuna wa kusema neno lako mbele yao.

Kesho ninapanda basi ya Mansa. Wakisema ni kitezi, nitameza dawa. Wakisema ni umri, nitazeeka. Wasipoona kitu, hata hivyo kwa nyumba ya ndugu yako sitaingia, hata kama mama hatakula tena kwa mukono wangu. Ninakuahidi.

Lala, bwana wangu. Yesu akushike vizuri.

Mimi, mukeo