Verna Kessinger na Nyanya ya Bibi Adah

Leo umetimia mwaka mmoja, Mama, tangu asubuhi ile ya Februari Baba alipokuita kwamba kahawa iko tayari, nawe hukuitika.

Kwa miaka ishirini na sita ulisimama nyuma ya meza ya miche katika Shamba la Kale la Tibbet Creek, umevaa gauni refu na kofia ya kitambaa kama wakulima wa miaka mia na hamsini iliyopita, ili wageni waone watu wa zamani waliishije. Mgeni akikuuliza, "Bibi, hata nyumbani unavaa hivi?" ulimjibu, "Nyumbani navaa jinzi na kunywa soda, kama wewe tu. Haya, unanunua au unanitazama?"

Uliotesha maharage na pilipili ambazo siku hizi hakuna duka linaloziuza. Lakini foleni ilikuwa ya nyanya ya Bibi Adah, bibi yako mzaa mama: kubwa, ya rangi ya waridi, ina makovu, na jani lake pana kama la kiazi. Ilikuwa haifiki saa sita mchana, imekwisha. Wateja uliwajua kwa makosa yao. "Eldon, mwaka jana uliizamisha kwa maji. Ukiiua na hii, usije kunililia."

Kisha akaja meneja mpya. Kwa kuwa miche yako iliisha mapema, aliagiza mingine kwenye kiwanda cha miche, akaichomekea vibao vyenye jina la Bibi Adah. Hakukwambia. Uliikuta mezani Jumamosi ya mauzo ya miche ya Mei, na Eldon ameshashika mmoja.

"Rudisha, Eldon," ulisema. "Hiyo siyo. Tazama jani."

Meneja akaja anatabasamu. "Mama Verna, tafadhali. Watu wananunua hadithi. Hawapimi majani."

"Basi wauzie hadithi kwenye karatasi. Mche usiusingizie jina."

"Nadhani umechoka. Nenda nyumbani ukapumzike. Ila hilo gauni, kumbuka, ni mali ya shamba."

Gauni ulilolishona kwa mkono wako! Ulilifua, ukalipiga pasi, ukampa Baba alirudishe. Eldon alirudisha mche mezani, akaondoka mikono mitupu. Wengine walibaki kwenye foleni, wakanunua.

Nasi wanao tulikwambia nini? Hilo tunalikumbuka neno kwa neno. Tulikwambia, "Mama, achana nao. Ni nyanya tu." Mwaka ule hukupanda kitu, hata kwenye uwanja wetu wa nyuma.

Ulipofariki, shamba lilileta maua, likatualika kuzindua benchi lenye jina lako. Baba aliisoma barua akiwa amesimama. "Miaka ishirini na sita amesimama pale," alisema, "leo ndiyo wanampa pa kukaa." Hatukwenda, tukajiona watu wa msimamo.

Lakini tusiwaseme wao tu. Machi ile tuliisafisha nyumba yako kwa siku mbili, tukiwa na haraka ya kurudi makazini. Ndani ya friji kubwa ya kugandishia, kwenye chumba cha chini, nyuma ya nyama iliyoota barafu, tulikuta chupa za mayonezi zimejaa bahasha ndogo zenye namba tupu. Janelle aliuliza, "Hizi nini?" Rex akasema, "Takataka za Mama, tupa." Mimi Lorena ndiye niliyebeba mfuko mpaka kwenye pipa.

Aprili, Mama Mdogo Opal alikuja na trei zake za kuoteshea. "Mbegu za Verna mmeziweka wapi?"

Tulitazamana. Alipoelewa, alikaa kwenye ngazi na koti lake mwilini. "Mmemtupa bibi yetu na mifupa ya kuku," alisema. Hakunywa hata maji.

Tulimpigia Eldon. Alisema nyanya zako za miaka ya nyuma alizila zote, hakuwahi kuweka mbegu. "Ningeweka za nini, na Verna yupo?"

Basi Mei tulikwenda Tibbet Creek, sisi wenye msimamo, tukapanga foleni kwenye meza yako. Tulinunua mche wenye jina la Bibi Adah, tukijua si wake, huku tukijidanganya kwamba labda ulipenya hata mmoja wa kweli. Agosti mche ule ulizaa nyanya nyekundu, ndogo, ngumu. Baba alikata moja, akaitia chumvi, akatafuna akiwa ameinamia sinki. Nyingine alizimwaga uani.

Wateja wako bado wanapiga simu. Tunawaambia mbegu hazipo. Hatuwaambii kwa nini. Tuliona wewe ndiwe unayestahili kuambiwa kwanza, na tuliona aibu kukwambia kaburini, ambako kuna watu wanaotujua. Sasa tumekuandikia hapa gazetini, wakisoma wote.

Unakumbukwa na mumeo Dwight. Wanao Lorena, Janelle na Rex. Wajukuu zako Colby na Maren. Na mdogo wako Opal, ambaye ametuomba jina lake tuliandike mbali na yetu.

Maisha yetu yote tutakukumbuka, Mama. Hatukuombi utusamehe upesi.