Mkono Wangu Umepona, Bado Nauficha

Engutoto, Arusha, 3 Julai 2025. Ni miaka thelathini na saba tangu nihame mteremko wa Meru kwenda kufundisha Songea.

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla sijapanda basi la Songea, maana nimemkosea mtu aliyenitendea wema. Bega langu la kulia liliumia miaka miwili iliyopita nikidaka mpira wa maveterani, likakaza hata kuchana nywele nikashindwa, na kaka yangu Gerson, ambaye kila mwaka hunitaka nirudi nishike shamba la baba, nikamjibu kwamba mkono huu hauwezi tena jembe, na jibu hilo, nakiri, likanipa amani. Mwezi wa nne binti yangu, ambaye nakaa kwake hapa Engutoto kwa matibabu, akanipeleka kwa Namnyaki, mtaalamu wa viungo pale Kwa Mrombo, naye akaniuliza kwanza kama natumia dawa za kuzuia damu kuganda, akanipaka mafuta, akachukua chuma laini kilichopinda kama mundu usio na makali, akakipitisha begani polepole, na kila kilipofika penye mkazo nilisikia mkwaruzo kama mchanga chini ya kitambaa, naye akasema, "Hapa ndipo, baba, vumilia kidogo," akaacha kabla sijaomba. Nimesoma vitabu vingi, lakini sijaona mtu akiusoma mwili namna ile. Kila mara alinipa zoezi la kutambaza vidole ukutani, na wiki ya saba vidole vikafika juu ya fremu ya mlango, nikalia. Lakini kwa Gerson bado naukunja mkono kifuani, na juzi aliona wekundu ulioachwa na kile chuma penye kola, akacheka mbele ya majirani: "Mwalimu, wamekukwangua kama ngozi ya mbuzi, na mkono bado umelala!" Mkewe Elieshi, ambaye kiwiko kinamuuma hata ndoo ya maziwa hainui, alikuwa amepanga kwenda kwa Namnyaki, akaghairi. "Kama shemeji hajapona, mimi nitafuata nini?" Nikanyamaza. Nifanyeje?

JIBU

Mwalimu, shikamoo. Baada ya shikamoo, sikiliza. Nakuonea huruma, lakini Namnyaki amekurudishia bega, nawe umemvunjia jina kwa kukaa kimya. Uoga wako Elieshi anaulipia kwa kiwiko chake. Kutotaka kurudi si kosa. Kosa ni kujificha nyuma ya ugonjwa ulioondoka, mtu mzima kama wewe!

Kwenu mnajua uzito wa jani la isale: anayekuja nalo kuomba radhi hafukuzwi. Likate mwenyewe, kwa mkono huohuo, umkabidhi kaka yako mbele ya majirani walewale. Kisha mpeleke Elieshi Kwa Mrombo, ukamweleze Namnyaki ulichofanya. Usimwahidi shemeji yako miujiza. Kiwiko si bega, atapimwa kwanza. Na ukiulizwa habari za shamba, usitafute ugonjwa mwingine.

Wiki mbili baadaye mzee alituandikia tena:

Mshauri, niliinua jani juu ya kichwa, wote wakaona. Elieshi akapiga kelele, "Shemeji! Kumbe ulikuwa unatuchezea!" Akacheka mpaka akakaa chini, halafu akaingia ndani kutafuta viatu vya kwendea Kwa Mrombo. Gerson alilipokea jani, akalizungusha vidoleni, akaniuliza:

"Basi, utarudi lini?"

Nikamwambia kwamba mke wangu amezikwa Songea, na maisha yangu yako huko. Mkono umepona, kaka. Sitarudi.