Sufuria ya Kibarazani

Newburg, Louisville
Jumapili, baada ya ibada

Kwako dada yangu Generoza,

Nakusalimu wewe, shemeji na watoto wote hapo Kenmore. Mgongo wako unaendeleaje? Naomba Mungu theluji ya Buffalo isiwafungie mlango mwaka huu. Sisi tunasimama, lakini amani ndani ya nyumba hakuna, na nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kuta zetu hapa hazifichi neno.

Nilikuambia kwamba shemeji yako, mume wangu Liberati, ameanza kuwinda kulungu. Wazimu huo alitiwa na Theogene, rafiki yake wa Whitehall, kule Columbus, aliyemfundisha kwamba mwindaji wa kweli hanunui risasi dukani, anazitengeneza mwenyewe. Liberati, kwa kuwa anafanya kazi kwenye gereji ya matairi, akaanza kuleta vile vipande vya madini ya risasi vya kusawazishia magurudumu. Akanunua sufuria ya chuma ya mtumba, akawa anayayeyusha kibarazani na kuyamimina kwenye kalibu, kisha anavipanga vile vichwa vya risasi dirishani kama mtu anayeanika dagaa. Nikalalamikia moshi, akasema upepo unauchukua. Nikalalamika tena, akasema nina mdomo. Sawa, nina mdomo.

Kisha mwanetu Gaju akapimwa damu kliniki. Muuguzi akapiga simu kusema mtoto ana madini ya risasi mwilini, mengi, na kwamba yanaharibu ubongo wa watoto wadogo. Dada, nikamkabili Liberati kuhusu sufuria yake. Liberati akaapa kwamba ananawa mikono, anabadili nguo, na mtoto hajawahi kukanyaga kibarazani. Lawama zote akazitupia rangi ya kuta, tukagombana na mwenye nyumba mpaka tukaishiwa maneno. Watu wa afya wakaja, wakapima rangi, wakaikuta salama. Walipouliza kama kuna anayeyeyusha madini hapa, Liberati akajibu hapana kabla sijafungua kinywa. Aliogopa kunyang'anywa bunduki. Nami sikutaka kumuumbua mume wangu mbele ya wageni.

Wiki hii nikatoka zamu mapema, nikamkuta mama mkwe, Mama Nyirabeza, akikoroga uji wa Gaju ndani ya sufuria ile ile. Unamjua, mtu aliyelelea watoto katika kambi ya wakimbizi ya Mtabila hatupi chombo. Akaniambia kwa upole, "Mwanangu, mnaachaje sufuria nzuri hivi ichafuke nje? Mimi huisugua kwa mchanga, nikimaliza nairudisha mahali pake." Humpikia mtoto uji humo tukiwa kazini, halafu maharage ya jioni, maana chuma kizito hakiunguzi.

Mkwe utamwambiaje kwamba amemlisha mjukuu wake sumu? Liberati alinisihi tufiche, mama yake asife kwa aibu. Nilimjibu kwamba mtoto anaumia, na yeye anachunga aibu. Nikawapigia watu wa afya, nikawaeleza yote. Gaju ameanza kutibiwa, ila daktari hawezi kutuambia kilichokwisha kuharibika. Mama naye alipoambiwa hakulia. Tangu siku hiyo hataki kumbeba Gaju. Mtoto anamnyooshea mikono, yeye anageukia ukuta.

Sasa dada, hili Liberati hajalijua. Nina mimba. Yale maharage Mama alikuwa akiniwekea kila nikirudi kazini, na mimi kwa njaa ya mimba nilikuwa nayamaliza yote, nikimsifu ana mkono mtamu. Kesho wananipima damu, na majibu yatachukua siku kadhaa. Nikimwambia Liberati atashindwa kujizuia kumwambia mama yake, na Mama akisikia kwamba huenda sumu imewafikia watoto wawili, sijui kama atageuka tena kutoka ukutani. Nakuomba uje. Sitaki kuyasikia majibu nikiwa peke yangu.

Nibusie watoto, na shemeji umpe salamu zangu za heshima. Mungu awafunike.

Ni mimi mdogo wako,
Delfina