Mama Bolette, Kosa Halikuwa la Ngozi

Ni mwaka mmoja sasa, Mama, tangu helikopta ikushushe Kullorsuaq, kijijini kwetu Greenland, ukiwa ndani ya jeneza.

Ulikuwa fundi wa viatu vya ngozi ya sili, mnyama wa bahari ya barafu. Kabla ya kushona uliitafuna ngozi, ukilainisha nyayo kwa meno kama alivyokufundisha Bibi Tabita, mama yako. Mgeni hakutoka kwako bila kahawa, wala bila kutaniwa.

Uvimbe ulipotokea chini ya sikio, nilikusihi uende zahanati. "Nyie wa viatu vya dukani mnajua nini?" ukanicheka. "Taya linalofanya kazi huvimba, mwanangu." Baba akadakia, "Akiacha kutafuna, mimi barafuni nitavaa nini, soksi?" Tukacheka sote. Bibi naye alivimba mahali hapo hapo kabla hajafa, na kwake pia tulisema ni ngozi.

Majira mawili ya baridi yakapita. Mdomo ulipopinda, bado ulitania: "Nusu nacheka nanyi, nusu namwekea Enos, baba yenu." Ndipo tukakupeleka hospitali ya mji mkuu, Nuuk. Daktari alisema ni saratani ya tezi ya mate. Duniani ni nadra, lakini sisi Wainuiti inatupata kuliko wengine, tangu enzi za bibi zetu mpaka leo. Wanaowahi, alisema, wengi huishi miaka. Sisi hatukuwahi. Majuto ni mjukuu, Mama.

Baba amevaa viatu ulivyomshonea hadi vimetoboka, na hataki fundi mwingine aviguse.

Jua liliporudi baada ya miezi ya giza la baridi, nilijifungua msichana. Kwa desturi yetu marehemu hurudi kwa mtoto anayerithi jina lake, nasi tumempa lako. Baba humwita "mke wangu", kaka Ujuut humwita "Mama", na majirani wanasema, "Haya, Bolette karudi!" Wanafurahi. Mimi naogopa. Kila nikimwogesha, vidole vyangu vinakwenda vyenyewe chini ya sikio lake. Napapasa, sipati kitu, na kesho napapasa tena. Nilitaka urudi, Mama, lakini si na yote uliyoondoka nayo.

Unakumbukwa na mumeo Enos, mwanao Ujuut, mimi bintiyo Paneeraq, na Bolette mdogo, ambaye bado hajui amebeba jina la nani.

Tutakusahau vipi, Mama? Kila jioni tunakuogesha.