Nimefungua Nguvu za Nyumba, Mama Amejifungia Chumbani

Mpendwa Shangazi, shikamoo. Naomba msaada, ingawa kwa kawaida watu ndio hunifuata mimi kwa ushauri, maana ni fundi makochi ninayejulikana mji mzima, nimewaketisha mabalozi na majaji, shule niliishia njiani lakini dunia nimeisoma mpaka jalada la nyuma.

Mambo yalianza nilipopata kazi ya kushona mito kwenye ukumbi mmoja wanapofanya yoga, nikawa nashona huku nasikiliza, mwalimu anasema mwili una vituo vya nguvu kutoka chini ya uti wa mgongo hadi utosini, na nguvu zikiziba mahali mtu anadhoofika, basi nikajiuliza, kama mwili ni hivyo, nyumba je? Jiko si ndilo tumbo lenye moto, na sebule si ndiyo kifua, na kifua chetu kilijaa makochi, kabati na stuli hata mimi napita kwa ubavu kama kaa! Nikavua shati, nikasukuma kila kitu ukutani, katikati pakabaki peupe. Mke wangu akasema, "Haa, kumbe tuna nyumba!"

Lakini tangu hapo mama yangu mzazi, tunayeishi naye, hatoki chumbani. Alikuwa akizunguka nyumba nzima, mkono huu juu ya kochi, huu kabatini, kama mkaguzi wa kiwanda, sasa nikimwita anasema, "Niache mwanangu, miguu haina hamu." Hata kabla ya hapo alishaanza vituko, akimimina chai anatia kidole kikombeni, na asubuhi moja alilisalimia koti langu lililotundikwa mlangoni, nikamwambia, "Mama, hilo koti halina adabu, haliitikii," tukacheka wote. Sasa amefunga nguo zake anataka kuhamia kwa dada yangu, eti hapa amekuwa mzigo, na Shangazi, huyu alinilea peke yake, akiondoka hivi sijui nitauweka wapi uso wangu. Nadhani nguvu zake zimeziba kwa sababu chumba chake kiko nyuma, karibu na choo. Nimhamishie cha mbele, au nibomoe ukuta kabisa? Nyundo ninayo.

Fundi Makochi

*

Marahaba, fundi. Nyundo weka chini kwanza.

Majaji umewaketisha, hongera, lakini mama yako umemwondolea pa kushika. Kidole kikombeni ni cha mtu asiyeona chai imefika wapi. Koti alilisalimia akidhani ni wewe. Na ule mkono juu ya kochi haukuwa ukaguzi, baba, ndiyo ilikuwa njia yake ya kufika jikoni. Mama haoni vizuri, amewaficha msimhesabu mzigo, nawe umemwachia uwanja mtupu asioweza kuuvuka.

Sikucheki. Uliyafanya kwa mapenzi, na nyumba iliyojaa kupita kiasi kweli huchosha roho. Ila kamuulize mwalimu wako wa yoga: humkunja mtu mgongo kabla ya kumuuliza unauma wapi? Wewe uliikunja nyumba nzima, hukumuuliza mtu hata mmoja.

Rudisha kochi na kabati leo hii, pale pale vilipokuwa. Ukitaka nguvu zipite, toa stuli, hizo hakuna anayezishika, zinakwaza tu. Chumba usimhamishe, anakijua kwa vidole, na choo kuwa karibu unaona wewe ni mkosi, kwake ni rehema. Halafu ingia peke yako, ukae kitandani kwake, useme, "Mama, nimekuharibia njia yako, nisamehe." Usije ukapayuka mbele ya mkeo, "Kumbe huoni!" Mwache akueleze mwenyewe.

Akishaeleza, mpeleke hospitali ya macho wiki hii hii. Macho mengine ya uzeeni hutibika, mengine yakicheleweshwa hayarudi, na wa kusema ni daktari, si mimi wala wewe. Mkiwa barabarani usimkokote kama mtoto mtoro. Mpe kiwiko chako akishike mwenyewe, utangulie nusu hatua, na penye ngazi umwambie.