Kibla cha Nyumba ya Boise

Gorofa ya Tisa,
Woolwich, London.
Jumatano, 8 Oktoba 2025.

Mpendwa mdogo wangu Shaame,

Assalaam alaykum. U hali gani, na wifi yangu Ibtisam naye? Baridi ya huko milimani imeshaanza kukung'ateni? Sisi wazima, ila goti la Mama, nalo hulalamika zaidi lifti ikiharibika.

Picha za nyumba tumezitazama hadi tumezikariri. Vyumba vinne, mtufaha uani, na gereji peke yake inaishinda sebule yangu. Nimekuonea wivu, sikufichi, lakini nimefurahi mno.

Sasa nikiri kosa langu. Siku ile ulipotutembeza humo kwa video, Mama aliuliza choo kimeelekea wapi, ukasema kusini-mashariki. Mimi na kimbelembele changu nikadakia kuwa huko ndiko kibla, kama kilivyo hapa kwetu. Mama akaapa hakanyagi nyumba ambayo mtu hujisaidia ameelekea Makka. Najua tangu hapo huna usingizi. Mwenye nyumba anataka saini Ijumaa, nawe huwezi kuitia bila radhi ya mama yako.

Jana nikifuta vumbi tufe la dunia la watoto, nikaingiwa na shaka. Nikamwonyesha Mama kibla chenu kwenye simu, lakini unamjua, simu haiamini. Akachukua uzi wake wa kushonea kofia, akashika ncha moja Makka, mimi nyingine Boise, huko kwenu Marekani, tukauvuta ukakaza ushike njia iliyo fupi kuliko zote. Uzi ukapanda juu kwenye mabarafu ya Ncha ya Kaskazini. Akarudia mara tatu. Kibla chenu kiko kaskazini, kimeinamia mashariki kidogo tu. Choo chenu hakina kosa hata chembe.

Mama alicheka hadi akashika mbavu.

"Mwanangu nimemnyima nyumba kwa kibla cha Woolwich," akasema.

Kisha machozi yakamtoka. Akakiri kwamba kosa langu lilimfaa, maana alitumai nyumba ikishindikana utachoka na Marekani, urudi kwetu. Nami nililia, Shaame, kwa kuwa nilitumai hivyo hivyo.

Amenikalisha niandike, anataka radhi zake ziwe kwenye karatasi. Naipiga picha sasa hivi ikuwahi, yenyewe itafuata kwa posta.

Shemeji yako Ziyad na watoto wanakusalimu sana, na Ibtisam mbusu kwa niaba yangu. Mola aijaze nyumba yenu heri na vicheko.

Na haya ni ya Mama, neno kwa neno: "Nimekuridhia, mwanangu. Tia saini. Chumba cha upande wa kaskazini ni changu, usimpe mgeni."

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikikosea,
Miska