Giga Nane na Mpwa Mmoja

Duka la Uchapaji, chumba cha nyuma,
Mkabala na kituo cha mafuta.
Jumatano, tarehe 12 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo? Shemeji hajambo? Na mapacha, yule wa kikohozi amepata nafuu? Nauliza yote haya kabla sijasema yangu, maana ukishayasoma yangu huenda usiwe na hamu ya kunijibu. Mwili wangu ni mzima, ukiacha goti. Moyo ndio umelala chali.

Vile vipande viwili vya memori ulivyonitumia vilifika salama ndani ya soksi ya mtoto, giga nne kila kimoja. Ahsante sana. Kompyuta ya dukani unaijua ilivyo kuukuu; nikifungua kadi ya harusi inaganda mpaka mteja anamaliza kunisimulia ukoo wake wote.

Aliyevipachika ni Bisibisi. Mtoto wa marehemu dada yetu, nani mwingine? Alifungua kasha, akatoa vya zamani, akaweka vipya, akafunga. Nikaingia kwenye sifa za mashine nisome. Imeandika 3.2.

Unanijua kwa hesabu. Duka hili nimelijenga kwa kujumlisha na kutoa, sikurithi hata rula. Nne na nne ni nane. Nane toa tatu nukta mbili, nne nukta nane. Nikamuuliza ziko wapi.

Akacheka, akidhani ni utani wetu wa kila siku. "Mjomba, zimo humo humo. Mashine ya zamani hii, haizioni zote."

Nikamwambia hata mimi ni wa zamani, mbona naona. Akafungua kasha tena anionyeshe maandishi juu ya vipande. Nikasema karatasi hubandikwa popote, na mtu anayeuza vipuri sokoni hakosi gundi. Hayo niliyasema mbele ya wateja watatu, dada yangu. Mmoja wao ni muuza vioo, baba wa yule binti ambaye Bisibisi alikuwa amchumbie mwezi ujao. Alikuja kuagiza kadi za shughuli hiyo hiyo.

Muuza vioo alikunja karatasi yake ya majina, akaitia mfukoni. Bisibisi naye akapanga zana zake mezani, moja moja. "Mjomba, asubuhi ukiiwasha usikimbilie birika. Itazame pale mwanzo, kabla haijaleta picha." Akatoka. Nikamtupia maneno mgongoni, kwamba sifundishwi kuwasha kitu nilichonunua mwenyewe.

Siku ya sita akaja mwalimu wa chuo cha ufundi kuchapa mitihani. Nikamlalamikia wizi wangu. Akauliza programu endeshi ni ya biti ngapi. Thelathini na mbili. Basi akachukua karatasi iliyoharibika, akachora mtaa nyuma yake. Mtaa una nyumba mia nane, akasema, lakini daftari la tarishi lina namba mia nne tu. Nyumba zipo, milango ipo, barua hazifiki. Tena katika hizo mia nne, kadi ya picha na vifaa vingine vimeshajichukulia themanini. "Zimebaki ngapi, bwana hesabu?"

Mia tatu na ishirini. Sikuhitaji kalamu.

Kesho yake niliacha birika. Niliwasha, nikasimama. Kioo cheusi, maandishi meupe, na katikati yake 8192, ndizo giga nane zikihesabiwa kwa mega. Hata kupepesa macho mara mbili hakuishi, ikafutika. Zote zilikuwemo. Miaka yote hii mashine inasema kweli yake kila asubuhi, na mimi niko huku nyuma nachemsha chai.

Nimekwenda kwenye meza yake sokoni, nikakuta mama mmoja anauza makava ya simu. Hajui kijana kaelekea wapi. Simu yangu hapokei. Kwa muuza vioo nimekwenda mara mbili. Ya kwanza hakutoka. Ya pili alinijibu kwa upole, na upole ule ndio ulionimaliza: mjomba ndiye aliyemlea miaka kumi na saba, kama mjomba hamwamini, yeye mtu baki aanzie wapi? Nikamweleza habari za biti na tarishi. Alinisikiliza kama anavyosikilizwa mlevi.

Mwalimu anasema dawa ni kubadili ile programu endeshi, kazi ya nusu siku. Sijamruhusu aiguse. Mashine hii ina fundi wake.

Wewe ni mama yake mdogo, simu yako huenda akaipokea. Usinitetee. Mwambie mjomba amezihesabu, nane zimetimia. Zana zake ziko kumi na nne, nimezifunga kitambaani, hakuna iliyopungua. Matumaini sina. Ana kichwa cha mama yake, na mama yake alininunia miaka minne kwa jambo dogo kuliko hili.

Msalimie shemeji, wabusu mapacha. Mungu awakinge na ulimi wenu wenyewe, maana maadui wa nje wana nafuu.

Kaka yako akupendaye,
Mzee wa Chapa

Hapa chini ya jina langu ndipo Bisibisi huongeza mstari wake wa kukusalimu. Safari hii nimepaacha wazi. Usidhani wino uliisha.